Mali Bila Daftari: Maoni Juu ya Uchimbaji wa Sarafu Nyumbani

Mwaka uliopita alinijia ofisini kijana mmoja niliyepata kumfundisha fizikia katika mwaka wake wa kwanza wa chuo kikuu. Baada ya kuniamkia na kuketi, alifungua mkoba wake akatoa daftari la kawaida, lile litumiwalo na watoto wa shule, akaliweka juu ya meza yangu. "Mwalimu," alisema, "nimekuja kuomba ushauri. Baba amestaafu, na kiinua mgongo chake kimekwisha kutoka. Amekubali kunikopesha sehemu yake ninunue kadi sita za grafiki, nichimbe sarafu za kidijitali pale nyumbani. Nakuomba uniangalizie hesabu zangu kabla sijaichukua fedha ya mzee."

Nililifunua daftari lile kwa shaka, lakini shaka yangu haikudumu. Kijana alikuwa ameazima kadi moja kwa rafiki yake, akaipima kwa muda wa wiki tatu, mchana na usiku. Kila ukurasa ulikuwa na jedwali: volteji aliyoiweka, kasi ya mapigo, nyuzi za joto, wati alizozisoma kwenye mita aliyoichomeka katika soketi ya ukutani, na kazi iliyokubaliwa kwa saa. Kila mara alibadili jambo moja tu, na mengine akayaacha kama yalivyo. Katika miaka yangu ya kusahihisha ripoti za maabara, ni chache nilizoziona zilizoandikwa kwa uangalifu kama huo. Hata hivyo, daftari lile lilikosa ukurasa mmoja, na ukurasa huo ndio uliobeba hatima ya fedha ya mzee.

Kisa hiki ndicho kilichonisukuma kuandika makala haya. Kuhusu sarafu za kidijitali, vijana wetu wa sekondari husikia sauti mbili. Ya kwanza ni ya wale wawaambiao kuwa kompyuta ikiachwa ikinguruma usiku kucha itawatajirisha. Ya pili ni ya baadhi yetu sisi walimu, tunaolipuuza jambo lote na kusema ni upuuzi usiofaa kutajwa darasani. Mimi siafikiani na upande wowote. Maoni yangu ni kwamba sayansi ya kuirekebisha kadi ni sayansi ya kweli, inayostahili kufundishwa. Bali uchimbaji wenyewe, kwa mtu anunuaye umeme kwa bei ya nyumbani, ni hasara iliyo wazi kwa yeyote atakayekubali kupiga hesabu hadi mwisho wake.

Kuchimba Maana Yake Nini?

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe. Sarafu ya kwanza ya aina hii, Bitcoin, ilianza kutumika Januari 2009. Haina benki inayoisimamia. Kumbukumbu za malipo huandikwa katika daftari la pamoja, ambalo nakala zake hutunzwa na kompyuta nyingi duniani. Ili ukurasa mpya wa daftari hilo ukubaliwe, kompyuta hushindana kutafuta namba ambayo, ikichanganywa na maandishi ya ukurasa huo na kupitishwa katika kanuni maalumu ya hesabu, itatoa jibu lililo dogo kuliko kiwango kilichowekwa. Jibu la kanuni hiyo huitwa hashi. Hakuna njia ya mkato ya kuipata namba inayotakiwa. Kompyuta hujaribu moja, ikishindwa hujaribu nyingine, mamilioni kwa mamilioni kila sekunde. Inayobahatika kwanza hulipwa sarafu mpya. Kazi hii ya kubahatisha ndiyo iitwayo kuchimba.

Kadi ya grafiki ni sehemu ya kompyuta iliyobuniwa ili kuchora picha katika kioo. Kwa kuwa picha ina nukta nyingi zinazohitaji hesabu za namna moja kwa wakati mmoja, kadi hii ina vikokotozi vidogo vidogo kwa maelfu, vinavyofanya kazi sambamba. Mnamo 2010 watu waligundua kuwa vikokotozi hivyo vyafaa sana kwa kuchimba Bitcoin. Kuanzia 2013 mitambo iliyoundwa kwa kazi hiyo peke yake iliziondoa kadi katika uwanja wa Bitcoin. Lakini Julai 2015 ilizinduliwa Ethereum, ambayo kanuni yake ya kuchimba, iitwayo Ethash, ilitungwa makusudi ili itegemee kumbukumbu ya kompyuta kuliko kasi ya kukokotoa. Kwa sababu hiyo kadi za grafiki zilipata soko upya, na watu wengi wa Ulaya, Amerika na Asia wakazipanga majumbani mwao.

Mafundi Wengi, Mkokoteni Mmoja

Hapa ndipo fizikia inapoanza kuwa tamu. Ili kupata hashi moja ya Ethash, kadi hulazimika kusoma kumbukumbu yake mara 64, na kila mara husoma baiti 128. Jumla yake ni baiti 8,192. Sasa tuchukue mfano wa kadi iliyopata kutumiwa sana, yaani GeForce RTX 3070 ya kampuni ya Nvidia, iliyotoka 2020. Kumbukumbu yake, kama ilivyopangwa kiwandani, haiwezi kusomwa kwa kasi ya kupita baiti bilioni 448 kwa sekunde. Tukigawa 448,000,000,000 kwa 8,192 tunapata hashi zipatazo milioni 54.7 kwa sekunde. Huo ndio ukomo ambao kadi haiwezi kuupita bila kuongeza kasi ya kumbukumbu. Na kwa kweli, wachimbaji walioipima walipata kiasi cha hashi milioni 52 kwa sekunde. Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuifanya hesabu hiyo, na kadi iliyoundwa kwa utaalamu wa hali ya juu kabisa ikamjibu kwamba amepata.

Hali hii yafanana na ujenzi wa nyumba. Mafundi ni wengi, lakini matofali yanaletwa na mkokoteni mmoja. Hata mafundi wakiongeza bidii, ukuta hautapanda haraka zaidi, maana wakati mwingi wanasubiri matofali. Mwenye busara huongeza kasi ya mkokoteni, na wakati huo huo huwapunguza mafundi anaowalipa bure. Ndivyo wachimbaji walivyofanya. Waliongeza kasi ya kumbukumbu, wakapunguza kasi ya chipu yenye vikokotozi pamoja na volteji yake.

Kupunguza volteji ndiko kuliko na faida kubwa, na sababu yake imo katika muhtasari wa fizikia wa kidato cha tano na cha sita. Ndani ya chipu mna mabilioni ya transista, na kila moja hufanya kazi mithili ya kapasita ndogo inayojazwa chaji na kumwagwa. Kila inapojazwa na kumwagwa hutumia nishati inayolingana na kapasitansi yake mara volteji kwa kipeo cha pili. Tukizidisha kiasi hicho kwa idadi ya mapigo kwa sekunde tunapata nguvu inayotumika:

P = C × V² × f

Tuseme volteji imeshushwa kutoka volti 1.0 hadi 0.75, na mapigo kutoka milioni 1,900 hadi milioni 1,200 kwa sekunde. Mraba wa 0.75 ni 0.5625, na uwiano wa mapigo ni takriban 0.63. Tukizidisha, nguvu itumiwayo na kazi hii ya chipu hushuka hadi kiasi cha asilimia 36 ya ile ya awali. Kadi nzima haishuki kiasi hicho, kwa kuwa kumbukumbu na feni huendelea kula umeme wake, na transista huvujisha mkondo hata zisipofanya kazi. Lakini matokeo bado ni ya kustaajabisha. Kadi tuliyoitaja imeandikiwa na kiwanda kuwa hutumia wati 220. Ikirekebishwa vizuri hutumia kiasi cha wati 120, na kazi yake hupanda kutoka hashi milioni 52 hadi karibu milioni 61 kwa sekunde.

Wanafunzi na waigawe kazi kwa nishati. Kabla ya marekebisho, kila jouli moja ilitoa hashi 236,000 hivi. Baada ya marekebisho, jouli ile ile yatoa hashi 508,000. Ufanisi umezidi maradufu, bila kununua chombo kipya, ila kwa kipimo na subira.

Lakini kuna mitego miwili ambayo kijana wangu aliigundua mwenyewe, na ninaitaja kwa kuwa inamhusu kila mpimaji. Kwanza, kumbukumbu ikikimbizwa kupita kiasi huanza kukosea. Kioo huendelea kuonyesha kasi kubwa, kumbe majibu mengine ni batili na hukataliwa. Kwa hiyo inayohesabiwa ni kazi iliyokubaliwa. Pili, wati zinazoonyeshwa na programu ya kadi si zote zinazolipiwa. Kifaa kinachobadili umeme wa ukutani kuwa umeme wa kompyuta nacho hupoteza sehemu yake kwa joto. Kipimo cha kuaminika hufanyika ukutani, mahali umeme unapoingilia.

Ukurasa Uliokosekana

Baada ya kumsifu, na alistahili kusifiwa, nilimwomba kijana aandike ukurasa wa mwisho: gharama na mapato kwa shilingi.

Tulianza na gharama. Kadi moja ya wati 120 ikifanya kazi saa 24 hutumia uniti 2.88. Tulikadiria bei ya uniti, pamoja na kodi, kuwa Sh 350, kiasi kinachokaribia kile alipacho mtumiaji wa nyumbani aliyevuka daraja la matumizi madogo. Gharama ni Sh 1,008 kwa siku. Laiti kadi ingeachwa na wati zake 220, gharama ingekuwa Sh 1,848. Kwa hiyo marekebisho yake yaliokoa Sh 840 kila siku, na si kiasi cha kubezwa.

Kisha tukazijumlisha kadi sita. Sita mara wati 120 ni wati 720. Tulipoongeza kompyuta inayozibeba, feni na upotevu wa umeme, tulifika wati 850. Kwa siku ni uniti 20.4, kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 612, yaani Sh 214,200. Ikumbukwe kuwa daraja la matumizi madogo ya nyumbani lina ukomo wa uniti 75 kwa mwezi. Meza moja yenye kadi sita ingekula umeme wa zaidi ya nyumba nane za namna hiyo.

Ndipo tukafika kwenye mapato, na hapa kijana alinyamaza. Alikuwa amedhani kwamba kwa kuwa kadi yake imepata ufanisi maradufu, basi na faida yake ni maradufu. Lakini mgao wa mchimbaji hautokani na kazi yake peke yake. Hutokana na kazi yake ikigawanywa kwa kazi ya wachimbaji wote, kisha ikazidishwa kwa idadi ya sarafu zinazotolewa siku hiyo na kwa bei yake sokoni. Idadi ya sarafu haiongezeki kwa sababu watu wamekuwa hodari. Katika Bitcoin, mathalani, ugumu wa kutafuta namba hupangwa upya kila baada ya kurasa 2,016, ili ukurasa mmoja uendelee kupatikana kwa wastani wa dakika 10, wachimbaji wawe wachache au wengi. Kwa hiyo wote wakirekebisha kadi zao, kila mmoja atabaki na mgao ule ule. Chakula kilichomo sahanini ni kile kile; walioongezeka ni walaji na ukubwa wa vijiko vyao.

Isitoshe, sahani kubwa iliyozilisha kadi za nyumbani imekwisha kuondolewa. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliacha kabisa njia ya kuchimba, ikachukua njia nyingine ya kuthibitisha kurasa zake, isiyohitaji mashindano ya kubahatisha. Matumizi yake ya umeme yalikadiriwa kushuka kwa zaidi ya asilimia 99. Kadi ambayo katika mwaka 2021 ilipata kumwingizia mwenyewe dola kadhaa kwa siku ilijikuta haina kazi. Wenye kadi nyingi walihamia katika sarafu ndogo zilizosalia, kama vile Ethereum Classic, ambayo kanuni yake yafanana na ile ya zamani, na mgao wa kila mmoja ukawa mdogo mno. Tulipoweka tarakimu za siku ile, mapato ya kadi moja hayakufika hata nusu ya gharama ya umeme wake. Bei ya kununulia kadi, vumbi, joto na kukatika kwa umeme vilikuwa bado havijaingizwa katika hesabu.

Tena kuna suala la sheria. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo la kuwatahadharisha wananchi kuhusu sarafu hizi na kueleza kuwa hazikutambuliwa kuwa fedha halali nchini. Mambo ya sheria hubadilika, na kila mtu yampasa kuuliza hali ilivyo kabla hajatoa hata shilingi moja.

Hoja Zinazoletwa

Wapo watakaosema kuwa siku hizi taifa lina umeme mwingi, kwa kuwa bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji limejengwa kuzalisha megawati 2,115. Hoja hii si ya kudharauliwa, lakini inachanganya mambo mawili. Wingi wa umeme pale bwawani hauishushi bei ya uniti katika mita ya nyumbani. Tazama mfano wa jirani zetu wa Kongo. Katika Hifadhi ya Virunga, kituo cha umeme wa maji cha Luviro kilianza kuchimba Bitcoin mwaka 2020. Maji ya mto yalikuwa yakipita usiku na mchana, na umeme mwingine ulikuwa haujapata mtumiaji. Mitambo ikawekwa pale pale kituoni, nayo ni ile iliyoundwa kwa Bitcoin peke yake. Anayetumia umeme ambao ungepotea ana hesabu yake. Anayeununua uniti kwa uniti, sawa na wa taa na wa friji, ana hesabu nyingine kabisa.

Wengine husema kuwa joto la kadi si hasara. Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari huko Ujerumani, katika majira ya baridi ya mwaka 2017, mwanafunzi mwenzangu aliweka kadi mbili chumbani kwake. Uniti moja ya umeme ilikuwa karibu senti 30 za Yuro, lakini alijitetea kwamba alikuwa akipata joto la chumba. Kwa upande wa fizikia alikuwa na haki, maana takriban umeme wote uingiao katika kadi huishia kuwa joto. Sasa hamisha kadi zile hadi Dar es Salaam mwezi Februari. Wati 850 zinazomwagwa katika chumba chenye nyuzi 32 hazimfai mtu. Hapana budi kuziondoa kwa feni au kwa kiyoyozi, ambacho nacho hudai umeme wake. Kilichokuwa faida ndogo kule, huku ni gharama ya pili. Sayansi ni ile ile, lakini mahali pamebadilika.

Neno kwa Walimu

Walimu wenzangu, tusimfukuze darasani mwanafunzi anayeuliza habari za kuchimba sarafu. Tumpe kalamu. Swali lake lina umeme, kapasita, joto, takwimu na uwiano, mambo ambayo sisi huhangaika kuyafundisha kwa mifano iliyochakaa. Aanze kwa kupima, na aendelee mpaka afike kwenye shilingi. Kosa la kijana wangu halikuwa ujinga. Aliipima sehemu iliyompendeza kwa uangalifu mkubwa, akaichukulia sehemu iliyosalia kwa imani. Kosa hilo hutupata sisi sote, pamoja na wenye shahada.

Ujuzi wenyewe una kazi nyingine nyingi. Chukua shule ya kijijini yenye betri za umeme wa jua ziwezazo kutoa wati-saa 2,400. Kompyuta tano zinazotumia wati 120 kila moja zitazimaliza kwa saa 4. Mwanafunzi akijua kupunguza mapigo na volteji zisizohitajika, zikatumia wati 80 kila moja, darasa litafanya kazi kwa saa 6. Saa mbili za masomo zimepatikana pasipo kununua betri hata moja. Pampu ya maji, mashine ya kusaga na friji ya zahanati zote zaweza kuulizwa swali lile lile: kila jouli moja inatufanyia kazi kiasi gani, na kazi hiyo inamfaa nani?

Kijana alipoondoka, nilimwomba nakala ya daftari lake, naye akaniachia kwa moyo mkunjufu. Ukurasa wa mwisho, tulioujaza pamoja, aliubeba kwenda kumwonyesha baba yake. Wiki iliyofuata aliniletea salamu za mzee: kadi hazitanunuliwa, na iliyoazimwa imekwisha kurudishwa kwa mwenyewe. Nakala ile sasa naitumia kuwafundishia wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza namna ya kuandika vipimo. Ninapoigawa huwakumbusha maneno ya wahenga wetu, ambao hawakuiona kompyuta, lakini waliyajua vyema mambo ya mapato na matumizi: mali bila daftari, hupotea bila habari.